Kiyoyozi Chako Kinapima Hewa ya Nani?

NYUMBA NA MATUMIZI
Na Zuhura Mbwana

Wauzaji wa themostati janja za viyoyozi, zile zinazobandikwa ukutani na kuamrishwa kwa simu, husifu programu, intaneti na akiba ya umeme. Swali la wapi kifaa kikae huachiwa fundi, naye hukiweka palipo karibu na soketi. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha ya mnunuzi inapopotea. Themostati haijui joto la nyumba. Inajua joto la hewa inayoigusa, basi. Ikiguswa na hewa ya mahali pasipokaa mtu, ujanja wake wote unafanyia kazi habari za uongo.

Wazo la kupima joto pale walipo watu si jipya. Warren Johnson, mwalimu wa chuo cha ualimu huko Whitewater, Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya kifaa chake cha umeme cha kuarifu joto la chumba mwaka 1883. Kilichomsumbua ni kwamba mhudumu wa jengo alilazimika kuingia darasa baada ya darasa kupima joto, ndipo ashuke chini kurekebisha. Johnson alitaka habari itoke pale wanafunzi walipokaa. Kiyoyozi cha ukutani tunachokinunua Dar es Salaam au Mombasa kimelisahau wazo hilo. Kihisi chake kimo ndani ya mashine yenyewe, juu karibu na dari, na huko ndiko hewa ya moto hujikusanya. Aliyelala ameshajifunika shuka kwa baridi, lakini mashine bado inaona joto, na kompresa inaendelea kula uniti. Baadhi ya watengenezaji wametia kihisi kwenye rimoti ili ipime pale ilipo mtu. Rimoti hiyo ikiachwa dirishani penye jua, nayo hudanganya vilevile.

Kwa sebule, mahali pazuri pa kubandika kifaa janja ni ukuta wa ndani, kama mita 1.5 kutoka sakafuni, upande wanaokaa watu. Chumbani ningekishusha zaidi, kikaribie usawa wa kitanda, mradi pazia au kabati lisikizibe, kwa sababu vifaa vingi vya aina hii huamrisha kiyoyozi kwa miale ileile ya rimoti. Kisipulizwe moja kwa moja na upepo wa kiyoyozi: kitadhani chumba kimepoa na kuizima mashine huku walio kwenye kochi wanatokwa jasho. Kikae mbali na runinga, king'amuzi na friji. Ukuta wa magharibi ndio mbaya kuliko yote. Tofali la saruji lililopigwa na jua la alasiri huendelea kutoa joto baada ya magharibi, na kifaa kilichobandikwa juu yake kinapima ukuta, hakipimi chumba.

Wapo wanaosema dawa ni kuteremsha namba hadi 18. Kwa mashine isiyo na inveta, 18 haipoozi haraka kuliko 25; inaiambia tu isisimame mapema. Wengine wanategemea feni ya dari, nao wana haki: feni huchanganya hewa, hula umeme kidogo, na ningemshauri kila mtu aiwashe kwanza. Lakini feni haizuii jua kuuchoma ukuta. Hoja nzito zaidi ni kwamba kifaa janja hujifunza chenyewe. Hujifunza, ndiyo, ila kutokana na kipimo kinachopewa, na kipimo kibovu hukizoeza ubovu. Marekani imeshaona kuwa kifaa peke yake hakitoshi: mwaka 2009 themostati za kupangiwa saa zilipoteza nembo ya Energy Star, inayotambulisha vifaa vinavyookoa nishati, kwa kuwa akiba iliyotarajiwa haikuthibitika majumbani.

Kwa hiyo fundi asitoboe ukuta siku ya kwanza. Kifaa kishikizwe kwa utepe wa gundi siku mbili, na kipimajoto cha kawaida kiwekwe kwenye kochi au kando ya mto. Namba zilinganishwe alasiri, kisha usiku kabla ya kulala. Zikipishana kwa nyuzi mbili au zaidi, kihamishwe ukuta mwingine na kipimo kirudiwe, hata kama waya utalazimika kurefushwa.