Kutaka Peke Yake Si Kuweza

Kuna neno moja ambalo wengi wetu tulilikariri kwa Kifaransa shuleni kabla ya kuelewa maana yake: kutaka ni kuweza. Walimu huliandika ubaoni siku ya kwanza ya masomo. Wazazi huwakemea nalo watoto wao. Vijana hulitumiana katika simu. Mtu akifaulu, watu husema: «Mwaona? Alitaka.» Akishindwa, husema: «Hakutaka.» Na hapo kesi imekwisha, hakuna anayeuliza zaidi.

Sisi twasema wazi kwamba neno hilo ni kweli nusu na uongo nusu, na kwa sababu ya ile nusu ya kweli watu wanaimeza ile ya uongo pamoja nayo.

Nusu ya kweli haina ubishi. Hakuna aliyejenga nyumba bila kutaka nyumba, wala aliyemaliza masomo bila kutaka kusoma. Nusu ya uongo ni kudhani kwamba kutaka kunatosha, na kwamba kila aliyeanguka ameanguka kwa sababu hakutaka sana. Angalieni matunda ya dhana hiyo. Baba wa watoto ameapa mara kumi kuacha pombe, akaanguka mara kumi. Majirani wanasema: «Yule hana moyo.» Mke wake anasema hivyo, na mwisho yeye mwenyewe anasadiki. Akiisha kusadiki, haapi tena. Basi neno lililotungwa ili kumtia mtu nguvu limegeuka fimbo ya kumpiga aliyekwisha kulala chini.

Watetezi wa neno hilo hupenda kuleta ushahidi wa wataalamu. Vema, tuusikilize ushahidi wenyewe mpaka mwisho.

Tangu mwisho wa miaka ya 1960, mtaalamu Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, aliwajaribu watoto wadogo. Mtoto aliwekewa kitu kitamu mezani, akaambiwa: ukipenda, kula hiki sasa, lakini ukingoja mpaka nirudi, utapata viwili. Kisha mtu mzima alitoka. Miaka ilipopita, ilionekana kwamba waliongoja walifanya vizuri zaidi katika masomo. Habari hiyo ilizunguka dunia, na kila mhubiri wa bidii akaipandisha mimbarani: mtoto mwenye nia hushinda maisha yote!

Lakini wasimulizi hao waliruka jambo kubwa. Watoto waliofaulu kungoja hawakukaa wakikikazia macho kitamu kama askari mbele ya adui. Waligeuza uso, wakafunika macho, wakaimba, wakachezea vidole vyao. Tena Mischel mwenyewe aliona kwamba kitamu kikifunikwa, watoto hungoja muda mrefu zaidi kuliko kikiwa wazi mbele yao. Je, kufunika sahani kulimwongezea mtoto nia? Hapana! Kulimpunguzia vita.

Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake waliyapima tena mambo hayo kwa watoto zaidi ya 900. Wakaona kwamba ule uhusiano kati ya kungoja utotoni na kufaulu baadaye ni mdogo kuliko ulivyotangazwa, na kwamba unapungua tena sana ukizihesabu hali za nyumbani kwa mtoto: elimu ya mama, mali ya jamaa, malezi. Mwaka huohuo yalichapwa maarifa mengine ambayo yatupasa sisi Waafrika kuyajua. Bettina Lamm na wenzake waliwalinganisha watoto wa miaka minne wa kabila la Nso, watoto wa wakulima wa Kamerun, na watoto wa mijini wa Ujerumani. Kati ya Wajerumani, 28 tu kwa mia waliweza kungoja dakika kumi. Kati ya Wanso, waliongoja walikaribia 70 kwa mia.

Zamani waliandikwa vitabu vingi vikisema kwamba mtu mweusi hajui kungoja, anaishi leo tu, kesho haimhusu. Na kuna Waafrika wenyewe ambao hata leo wanarudia maneno hayo wakiwa wamevaa tai. Wawaangalie basi wale watoto wa Nso, ambao mama zao waliwazoeza tangu uchanga kutulia na kutii wakubwa. Hawakuzaliwa na moyo wa aina nyingine. Walizoezwa.

Sasa tufike penye kiini. Mwaka 2013 lilichapwa jaribio la Celeste Kidd na wenzake, lililofanywa Rochester, Marekani, kwa watoto 28. Kabla ya kuwekewa kitamu, kila mtoto aliahidiwa na mtu mzima vifaa vizuri zaidi vya kuchora. Nusu ya watoto waliletewa kweli. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akasema: nisamehe, kumbe hatuna. Ndipo wakajaribiwa kwa kitamu. Wale walioletewa walingoja kwa wastani dakika 12. Wale waliodanganywa walingoja dakika 3. Tisa kati ya kumi na wanne wa kwanza walingoja dakika zote 15; kati ya waliodanganywa, mmoja tu.

Je, wale wa pili hawakutaka vitamu viwili? Walitaka sana! Lakini walikuwa na akili. Walikwisha kujifunza kwamba nyumba ile haishiki neno lake, na katika nyumba ya namna hiyo mwenye busara hula mapema.

Ndugu msomaji, nyumba hiyo sisi twaijua. Mwezi wa Desemba 1979 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazifai tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadili, na kwa kiasi kilichopimwa. Mzee aliyeficha akiba yake ya miaka katika sanduku aliamka na sanduku la karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni tatu za zamani. Aliyeweka, alipoteza. Aliyekula siku ileile, angalau alikula. Na mpaka leo mara ngapi tumewaona walimu wakingoja mshahara wa mwezi mpaka miezi inapandana?

Kisha anasimama mtu mwenye cheo mbele ya wananchi, akiwaambia: ninyi hamjui kuweka akiba, hamjui kupanga kesho, badilisheni akili! Tumwulize kwa heshima: ni nani aliyewafundisha? Anayevunja ahadi zake hana haki ya kuwagombeza wengine kwa sababu hawangoji.

Neno hili ni letu pia nyumbani. Baba akimwambia mwanawe, «Ukishika nafasi ya kwanza nitakununulia viatu,» halafu nafasi ikashikwa na viatu visionekane, asidhani amepoteza viatu tu. Amemfundisha mtoto kwamba bidii na malipo havijuani. Mwaka wa pili mtoto akilegea, baba atasema: hana nia. Nia ilikuwapo, baba aliivunja.

Hapa wengine watatupinga: «Basi mnamwondolea mtu kosa lake! Mlevi atasema ni serikali, mvivu atasema ni baba yake.» Sivyo. Hatumwondolei mtu wajibu wake, twausogeza nyuma kwa saa chache. Mlevi aliyeketi barani saa moja ya jioni, mshahara mzima mfukoni, rafiki watatu mezani, karibu amekwisha kushindwa. Vita yake ilikuwa asubuhi, kichwa kikiwa kizima: apite njia ipi? Fedha azishike nani? Hapo ndipo tumdai hesabu, na hapo ndipo tumsaidie.

Mwangalieni Matt Talbot, mfanyakazi maskini wa Dublin, Ireland. Alianza kazi akiwa na miaka 12 hivi kwa wachuuzi wa pombe, akawa mlevi kabisa. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliapa kutokunywa. Hakuapa maisha yote siku ile. Aliapa miezi mitatu, akaongeza sita, ndipo akaapa kwa maisha yote. Wanaosimulia habari zake wanasema kwamba aliacha kutembea na fedha mfukoni, na kwamba baada ya kazi alikwenda kanisani badala ya kufuatana na wenzake. Alikufa mwaka 1925 bila kurudia pombe, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alimpa jina la Mheshimiwa. Ebu tuulize: mtu huyu alikuwa na nia kubwa? Bila shaka. Lakini nia hiyo aliitumia wapi? Hakuitumia kukaa mbele ya chupa akijipima nguvu. Aliitumia kuifunika sahani.

Wataalamu wameyapima mambo hayo pia. Peter Gollwitzer na mwenzake huko Ujerumani waliwaomba wanafunzi waandike habari ya mkesha wa Noeli, na kuituma katika siku mbili. Wengine walisema tu kwamba wataandika. Wengine waliandika kwanza ni saa gani na mahali gani watakapoketi kuandika. Wa kwanza waliotimiza walikuwa theluthi moja hivi; wa pili, karibu robo tatu. Wote walitaka, lakini wale wa pili waliipa nia yao saa na kiti.

Na huko Mindanao, Ufilipino, benki moja iliwapa wateja nafasi ya kufunga fedha zao mpaka tarehe au kiasi walichokichagua wenyewe, bila faida yoyote zaidi. Zaidi ya mmoja kwa wanne walikubali kufungiwa! Baada ya mwaka, akiba ya wote walioletewa nafasi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa 81 kwa mia zaidi kuliko ya wasioletewa. Mama zetu wa sokoni hawastaajabu. Katika likelemba kila mmoja hutoa sehemu yake, na kwa zamu mmoja hupokea yote. Anayetaka kuzila fedha mapema hawezi, kwani ziko mikononi mwa wenzake, na wenzake wanamjua mpaka mlangoni kwake. Na katekisimu yetu ilitufundisha tangu zamani kuepuka nafasi za dhambi, haikusema tuzisogelee ili kujaribu ushujaa wetu.

Wengine watacheka: «Hiyo ni njia ya wanyonge. Mwanaume kweli hupita mbele ya bara bila kugeuka.» Tuwajibu kwamba mkulima mwenye akili hujenga ua kuzunguka shamba lake. Hasemi ni haya kujenga ua, wala hakeshi kila usiku akipigana na mbuzi ili aonekane mwanaume.

Basi twadai mambo machache. Wazazi na walimu, msiahidi msichoweza kutoa, na mlichoahidi mkitoe kwa siku yake. Wenye kulipa watu, lipeni kwa wakati; hotuba zenu juu ya akiba zije baada ya mshahara. Ninyi vijana, mkitaka jambo, msiishie kulitaka: andikeni siku, saa na mahali, tena mwambieni mtu mmoja atakayewauliza. Nasi sote tumwonapo aliyeanguka mara ya kumi, tuache kumwuliza kama alitaka. Tumwulize: fedha zako anazishika nani, na jioni unapita njia gani? Kisha tuifuate njia hiyo pamoja naye.