Laptopu Iliyopasuka Kioo Si Maiti, Dada



Leo tusemane ukweli. Laptopu ikipasuka kioo tu, inatupwa jaani au inauzwa kwa bei ya chakavu, kisha bwana harusi anaongezewa laptopu mpya kwenye orodha ya mahari. Hiyo ni israfu, na israfu dini yetu imeikataza.

Mimi ni mshonaji. Gauni likichanika upindo hatulichomi moto, tunalikata likawa la mtoto. Laptopu ni vivyo hivyo. Kilichokufa ni kioo. Madabodi, memori na diski ni vizima. Iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI, tia kibodi na mausi ya USB, iwashe kwa chaja yake ileile. Tayari unayo kompyuta ya mezani ya kuandikia oda na hesabu za duka.

Ukitaka ipendeze, fundi aihamishie madabodi kwenye kisanduku cha mbao chenye matundu ya hewa. Feni ibaki. Waya za antena mara nyingi zimepita pembeni mwa kioo, azihamishe pia, la sivyo Wi-Fi itakuwa dhaifu. Betri iliyovimba itolewe. Isitobolewe wala isichanganywe na taka za nyumbani, maana inaweza kulipuka moto. Laptopu nyingi huwaka bila betri.

Mtasema, "Aibu, bi harusi na kompyuta ya kuungaunga!" Haya, tuzungumze aibu. Picha zako za siku ya singo, kichwa wazi, zimo kwenye ile diski. Kioo kimekufa, diski haijafa. Mtu akiichomoa na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, mara nyingi anaona kila kitu. Hata ulizozifuta zinaweza kurudishwa. Unajifunika buibui kwenda Darajani tu, kisha stara yako unamwachia mnunuzi wa chakavu?

Kwa hiyo kazi ifanyike mbele ya macho yako, na diski irudi mkononi mwako.

Haitakimbia kama mpya, sikatai. Lakini haina deni, na siri zako zimebaki nyumbani kwako. Kuanza ndoa bila deni ni pambo zuri kuliko laptopu yoyote.

Allah atujaalie kutosheka na atuhifadhie stara zetu. Amin.