Mshale wa Dashi Sio Spidi

Leo naudhi watu, na sijali. Hasa nyinyi mnaonijazia inboksi kila wikendi na video ile ile: mkono mmoja kwa usukani, mwingine kwa simu, ngoma iko juu, mshale wa dashi unapanda 160, 170, 180. Chini mmeandika "mnyama ametoka Ukunda," mnataka niposti. Siposti tena. Na kabla hujaniita muoga, jua mimi mwenyewe nimeifanya.

Mwaka jana nilikaa kiti cha abiria, rafiki yangu akakanyaga mafuta tukielekea Msambweni, mshale ukagusa 180. Hakuna video yangu imewahi kutazamwa vile. Wiki chache baadaye dogo mmoja wa mtaani kwetu, yuko kidato cha nne, akachukua gari ya kaka yake usiku akaenda kutafuta 180 yake. Alipata mnazi. Yuko hai, alhamdulillahi, lakini mpaka leo anatembea na magongo. Nilipoenda kumjulia hali, mamake hakunifokea. Aliniuliza tu: "Mwanangu, hiyo mia na themanini ilikuwa ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hesabu hii haitaki digrii.

Iko kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 39, inayohusu spidomita. Inasema mita isionyeshe kamwe spidi ndogo kuliko ile ya kweli. Lakini kuzidisha inaruhusiwa, mpaka asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Piga hesabu. Gari ikienda 160, zidisha 16, ongeza 4: mshale unasoma 180 na mita haijavunja sheria yoyote. Yaani ile 180 yangu, ile iliyompeleka dogo kwa mnazi, huenda haikuwahi kuwepo.

Na hapo hatujagusa tairi. Spidomita haijui gari iko wapi, inahesabu tu gurudumu linavyozunguka. Ukiweka tairi ndogo ili gari ikae chini, gurudumu linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule, dashi inakupa sifa za bure. Ukikanyaga kwenye mchanga hapa Diani, tairi zikazunguka hapo hapo, mshale utapanda 60 na wewe bado uko mbele ya kibanda cha viazi karai.

Kuna wale wajuaji: "Mimi natumia GPS ya simu." Sawa, ni afadhali. Lakini simu nyingi husoma mahali ulipo karibu mara moja kwa sekunde. Kwa spidi ya 160 unamaliza mita 44 kila sekunde. Katikati ya hapo simu inabahatisha. Vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hii husoma mara 10 kwa sekunde au zaidi, na vizuri vinakagua pia kama barabara ina mteremko. Maana ukishuka kutoka Kwale mjini kuja Kombani, hata Probox imejaa nazi inakuwa ndege.

Sasa drag yenyewe inapimwaje? Barabara imefungwa, imenyooka, tambarare, mita 402. Miali ya mwanga inakatisha njia pale mwanzo na pale mwisho. Saa yako inaanza gurudumu la mbele linapotoka kwenye mwali, sio taa inapowaka kijani. Kuchelewa kwako kushtuka kunaandikwa kando. Spidi ya mwisho inachukuliwa kwenye mita 20 za mwisho tu. Unapewa karatasi yenye muda na spidi. Gari ya sekunde 14 ni gari kali, na inavuka mstari ikiwa karibu 160. Ukitaka kuvuka na 200, unahitaji sekunde 11 na kitu. Haya, nani hapa ana hiyo gari? Nyosha mkono, ule usioshika simu.

Oktoba 15, 1997, Andy Green alipoipita kasi ya sauti akiwa ardhini, kwenye jangwa la Black Rock kule Nevada, hakuonyesha dashi. Alikimbia kwenda, akakimbia kurudi, zote ndani ya saa moja, wastani ukachukuliwa: kilomita 1,227.985 kwa saa. Kwenda na kurudi, ili upepo usimpe zawadi. Mtu wa spidi ile alikubali kupimwa. Wewe na Subaru ya mkopo unataka tukuamini kwa mdomo?

Najua komenti zinazokuja. "Bro, si ni video tu." Hapana. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga ina watoto wa shule, ina bodaboda bila taa, ina mama na ndoo ya maji kichwani. Wote hao tunawaweka rehani kwa namba ambayo hata sio ya kweli. Ingekuwa ya kweli, bado ingekuwa upumbavu. Hii ni upumbavu na uongo juu yake.

Kwa hivyo dai langu ni moja, na naliweka kwa kaunti na kwa wanaosimamia michezo ya magari nchini: tufungieni kipande kilichonyooka, asubuhi moja kwa mwezi. Tupeni nafasi ya kusimama iliyo ndefu kuliko ya kukimbia, ambulensi na saa. Tutakuja. Tutalipa kiingilio.

Na nyinyi wa inboksi: ile video yangu nimeifuta, pamoja na watazamaji wake wote. Kuanzia leo naposti karatasi ya muda peke yake. Huna karatasi, huna spidi. Una kelele na ekzosi.