ALIYEBEBA NA ALIYETENGENEZA

Yako maneno yanenwayo sana siku hizi hapa Bugwema: "Jina la mfinyanzi la nini? Chungu ni chungu, mradi kimepata mnunuzi." Maneno hayo twayapinga, na ili tuyapinge vema twawaomba mtufuate kwanza mpaka baharini.

Zamani za merikebu za matanga, Wamarekani waliokuwa wakivua nyangumi waliweza kukaa baharini miaka mitatu, hata minne, katika safari moja. Merikebu zao zilifika mpaka Unguja, J. Ross Browne, aliyekuwa baharia katika mojawapo, alikaa kisiwani humo, akaandika habari zake katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1846. Siku zisizo na nyangumi zilikuwa nyingi. Basi baharia alitwaa jino la nyangumi, akalilainisha, akalichora kwa ncha ya kisu au kwa sindano ya kushonea tanga, kisha akalisugua kwa masizi hata mistari ikatokea myeusi. Mmoja alichora merikebu yake, mwingine mkewe, na jino likawa zawadi ya nyumbani. Frederick Myrick, katika merikebu Susan ya Nantucket, alifanya kazi hiyo miaka ya 1828 na 1829, akatia jina lake na tarehe. Yapata miaka mia mbili imepita, naye angali ajulikana.

Lakini iko zawadi nyingine. Mabaharia wa karne ile walirudi kwao na visanduku vya mbao vya pembe nane, vyenye vioo, na ndani yake makombe madogo ya pwani, mamia kwa mamia, yamepangwa mfano wa maua, au nyota, au moyo. Mara nyingi viwili huunganishwa kwa bawaba, vikafungwa kama kitabu. Watu walioviona walisema: Tazameni jinsi baharia alivyomkumbuka mchumba wake, akichagua kombe moja moja katika upweke wa bahari! Hadithi ilikuwa tamu, ikaaminiwa miaka mingi. Hata mwaka 1961 Judith Coolidge Hughes akatangaza aliyoyachungua. Kisanduku kimoja kilipofunguliwa ili kitengenezwe, nyuma ya makombe palionekana kipande cha gazeti la kisiwa cha Barbados. Tena makombe mengi yalikuwa ya kisiwa hicho. Na mjini Bridgetown palikuwa na duka la B. H. Belgrave, lililowauzia wasafiri vitu vya namna hiyo. Baharia alinunua! Waliotengeneza ni watu wa Barbados, na wachunguzi waona kwamba wengi wao walikuwa wanawake, katika nchi ambayo watumwa wake walipata uhuru kamili mwaka 1838 tu. Hata leo vitu hivyo huitwa kwa jina la baharia.

Sisi hatumlaumu baharia kwa kununua. Alitoa fedha yake, akamkumbuka mpenzi wake, ni vema. Twailaumu hadithi iliyompa sifa mchukuzi ikamsahau fundi.

Na kwetu je? Mchuuzi hupita vijijini akanunua vikapu na vyungu kwa bei ndogo, akavipeleka mahali wapitapo watalii waendao Serengeti. Tumeona kwa macho yetu kikapu cha mama wa Kijita kikiitwa cha Kimasai, kwa sababu jina la Wamasai lauzika upesi. Mgeni atakipeleka Ulaya akiwasimulia wenzake habari za watu wasiokisuka, na yule mama, aliyekesha na ukindu, hatatajwa.

Wengine hutujibu kwamba mama huyo hajui kuandika. Mwanawe je? Tumemfundisha herufi ili aandike barua za kuomba kazi mjini tu? Na asiye na mtoto shuleni aweke alama yake, kama afanyavyo mwenye ng'ombe. Hakuna mtu hapa asiyeitambua alama ya ng'ombe wa jirani.

Muhula huu watoto wa shule yetu wameandika majina ya mama zao chini ya vyungu, kwa msumari, udongo ungali mbichi. Mchuuzi mmoja alikataa kuvipokea, akisema jina laharibu biashara. Basi na vikae; mwenye kuvitaka atavinunua na majina yake, na visiponunuliwa vitapikiwa ugali.