Alipita, au Walimpitisha?

Katika kanisa dogo la Kianglikana mjini Bagamoyo upo mlango wenye maandishi ya Kiingereza yanayomjulisha mgeni kwamba Dkt. David Livingstone alipita hapo. Wageni husimama, hupiga picha, huondoka. Mimi niliyezoea kusahihisha vitenzi vya wanachuo kwa wino mwekundu, nikiyasoma maandishi hayo mkono hunicheza. Livingstone hakupita. Maiti haipiti mlangoni, hupitishwa.

Alifariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauviringisha kwa nguo na magome ya mti hata ukafanana na robota la mchuuzi, kisha wakashika njia ya pwani. Unyanyembe wakamkuta Luteni Cameron, afisa Mwingereza, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Baadhi yao walikufa njiani. Wakaingia Bagamoyo Februari 1874, na maiti ikalazwa katika kanisa la misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Kadiri ya miezi tisa ya taabu imeyeyuka ndani ya kitenzi kimoja kifupi.

Kiswahili kingetuponya hapa, kama tungekitumia kwa makini. "Alipita" ni kauli ya mtu aliye hai. "Alipitishwa" inakiri kwamba kulikuwa na wapitishaji, ingawa imewaficha. Lakini "walimpitisha" ina viambishi viwili vinavyotazamana: *wa-* ya watenda na *-m-* ya mtendwa. Ukishaitamka, msikilizaji atakuuliza tu: akina nani? Kibao kizuri ni kile kinacholazimika kulijibu swali hilo.

Sisemi kwamba kosa ni la Kiingereza. Jiwe la kaburi lake katika Westminster Abbey, lililoandikwa kwa Kiingereza hicho hicho, limekiri kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Angalau London wameiona mikono. Ila mikono haina majina, nayo haikutembea peke yake kutoka Chitambo.

Cha kustaajabisha ni kwamba kibao cha kwanza kabisa cha habari hii kilikuwa na adabu kuliko vyote vilivyofuata. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Nashik, Bara Hindi, alichonga kwenye mti pale pale moyo ulipozikwa: jina la Livingstone, tarehe, na majina ya baadhi ya viongozi wa msafara. Alikuwa porini, pamoja na wenzake wenye huzuni na hofu, wala hakusahau kutaja watu.

Ukitoka kanisani ukaelekea ufukweni, utafika kwenye kumbukumbu ya mahali Wajerumani walipowanyongea waliowapinga. Hapo hitilafu imegeuka upande. Mtenda ametajwa wazi. Walionyongwa ni "Waafrika" tu. Si mbali na hapo yapo makaburi ya Wajerumani wenyewe, yenye majina yaliyochongwa vizuri. Vita hivyo hivyo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia utenzi, na ndani yake watu wa Mrima wanatajwa kwa majina yao. Mshairi aliweza, kibao kimeshindwa nini?

Nitaambiwa kwamba vibao ni vya watalii. Basi Kiingereza kiandikwe chini, kwa herufi za kutosha. Mtalii hukisoma kibao mara moja maishani mwake. Mtoto wa Bagamoyo hukipita kila siku akienda shule, na ndiye atakayeamini kwamba historia ya mji wake ni orodha ya wageni waliopita. Tena yasitafsiriwe yaliyopo, maana tafsiri italihamisha kosa pamoja na maneno. Yatungwe upya kwa Kiswahili, na watungaji tunao. Ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani minane. Hakuna kibao kisichoweza kuubeba. Mimi si malenga, lakini kwa ajili ya mlango ule nimejaribu:

Hapa walimpitisha,
mwili wakaufikisha,
mzigo wakaushusha,
Chuma, Susi na wenzao.

Neno la mwisho linanisuta. "Wenzao" hao walikuwa wanaume na wanawake, na nimewatendea yale yale niliyoyalaumu. Jina la Wainwright limenishinda kulitia katika mizani. Atakayeweza na autunge ubeti wa pili.