Uko Wizara Gani?

Keti jioni kwenye kibanda chochote cha nyama choma hapa Dodoma, iwe Kisasa, Area D au kule Msalato, kisha utege sikio. Watu wawili wasiojuana wataamkiana, watamsifu mbuzi, watalilaani vumbi, na kabla soda haijafika nusu mmoja atamuuliza mwenzake: "Uko wizara gani?" Akijibiwa, uso wake hutulia. Amekwisha kujua amwite mwenzake "mkuu" au "ndugu yangu", anunue yeye au angoje kununuliwa. Asiye na wizara hujikuna kichwa na kusema, "Mimi nipo nipo tu." Nipo nipo tu! Mtu mzima, mwenye mke na watoto na mama anayemwombea kila alfajiri, anajitaja kama anayeomba radhi kwa kuzaliwa.

Sisemi haya kwa dharau, maana nami ni wa kundi hilohilo. Nililetwa huku na uhamisho, kama walivyoletwa maelfu baada ya Julai 2016, serikali ilipoamua kuutekeleza kwa dhati uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, uliopitishwa tangu 1973. Aprili 2018 mji ukawa jiji, na sensa ya 2022 ikahesabu humo watu zaidi ya 765,000. Wengi wetu tulishuka na mabegi mawili na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na hicho kitambulisho nimewaona watu wamekivaa hata Jumamosi, soko la Majengo, wakichagua nyanya. Neno langu la leo ni moja: kitambulisho kile ni cha kurudisha, na ole wake ambaye hana kingine cha kujitambulishia.

TANU ilitufundisha kwamba cheo ni dhamana. Tuliyapokea maneno hayo kama onyo la wizi, na tulifanya vema. Lakini dhamana ni kitu ulichowekewa tu, mwenyewe atakuja kukidai, na katika utumishi wa umma siku ya kudaiwa imeandikwa kabisa: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Hakuna ajali inayojulikana tarehe yake mapema kama hii, wala hakuna inayotukuta tumelala kama hii. Mwishoni mwa 2018, nchi ilipowaka moto kwa sababu ya kikokotoo cha mafao, hadi Rais Magufuli akakisimamisha, nilisikiliza mabishano yale kila jioni kwa wiki nzima. Watu walijua asilimia, walijua miezi, walijua kugawanya na kuzidisha. Ilikuwa haki yao kupigania kiinua mgongo, maana ni jasho lao. Sikumsikia hata mmoja akiuliza mgongo ukishainuliwa utaelekea wapi.

Ninaye jirani mstaafu. Bado huamka saa kumi na moja, hunyoosha shati, hukaa barazani na simu mbili mezani, zote zimejaa chaji. Mwaka wa kwanza zililia. Siku hizi hulia moja, na mara nyingi ni kampuni ya simu ikimtangazia vifurushi. Pensheni yake haijawahi kuchelewa, nyumba ni yake, ana shamba la zabibu Hombolo ambalo huvunwa mara mbili kwa mwaka bila yeye kushika mkasi. Hana shida ya fedha hata kidogo. Mkewe, ambaye naye alistaafu, humwoni nyumbani: Jumatatu kikoba, Alhamisi jumuiya, Jumamosi mazoezi ya kwaya, na katikati ya hayo misiba ya watu. Nimejiuliza kwa nini kustaafu kunawaangusha zaidi waume kuliko wake. Nadhani ni kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa hata siku moja kuwa karani peke yake, na kile tulichokiita mzigo wake ndicho kinachomshikilia leo.

Tabia hii ya kumpima mtu kwa ajira haikuanza na mji wa serikali wa Mtumba. Mkoloni alitoza kodi ya kichwa ili kichwa kikatafute fedha, akamtia mtu kwenye shamba la mkonge, akampa kipande cha siku thelathini na namba, na kutoka kwenye namba hiyo likazaliwa jina manamba. Uhuru ulipokuja tukaitikia "Uhuru na Kazi". Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvukazi, na asiyeweza kuonyesha ajira mjini akasombwa kupelekwa shambani. Mwaka 2015 ikawa "Hapa Kazi Tu", na 2021 ikawa "Kazi Iendelee". Sizibezi kaulimbiu hizi. Nchi haijengwi kwa kulala, na mimi mwenyewe napanda treni ya umeme iliyoanza 2024, nikafika Dar es Salaam kwa saa zisizofika nne, nikimshukuru aliyechimba na aliyelaza reli. Ninachokikataa ni lile neno dogo "tu" pale mtu anapolibandika kwenye nafsi yake.

Wapo watakaosema: tupeni mapumziko, furaha itakuja yenyewe. La hasha. Mwaka 1930 mwanauchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, alitabiri kwamba baada ya miaka mia moja watu wangefanya kazi saa 15 tu kwa wiki, naye huyohuyo akaingiwa na hofu kwamba hawatajua la kufanya na saa zitakazobaki. Hofu yake haikukawia kutimia katika kijiji cha Marienthal huko Austria. Kiwanda cha nguo kilifungwa pale, watu wakabaki na siku nzima mikononi, na watafiti waliokwenda kuwachunguza, Marie Jahoda akiwa mmoja wao, walikuta kwamba hata vitabu vya maktaba viliazimwa kidogo kuliko wakati watu walipokuwa wakichoka kiwandani. Wanaume walitembea polepole na kusimama njiani bila sababu. Jirani yangu hajawahi kusikia habari za Marienthal, lakini hutembea hivyohivyo.

Sasa tuwatazame wenyeji wetu, Wagogo, ambao wengi wetu tulikuja kwao na vichekesho vya ombaomba midomoni. Ugogo ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida mvua hiyo haifiki milimita 600. Uwele na mtama ukishaingia ghalani, ardhi yenyewe inakuambia haina haja nawe mpaka mawingu yarudi. Wakoloni waliiona miezi hiyo, wakaandika kwamba watu wa huku ni wavivu. Laiti wangesikiliza! Miezi hiyo ndiyo ya jando, ya arusi, ya zeze na ilimba, ya wanawake kubana ngoma za muheme mapajani na kuimba kwa sauti zinazopishana bila kugongana. Muziki ule haukutoka kwenye shibe. Nchi hii ndiyo iliyopita katika njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kumaliza nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliibeba sauti ya Wagogo hadi Ulaya na Marekani, na watu wasiojua neno moja la Cigogo wakanyamaza kumsikiliza. Lakini kwa kila Zawose mmoja wapo mamia wasiojulikana nje ya kijiji chao, na hawa ndio ninaowaonea wivu. Wanapiga, jua linazama, wanakwenda kula ugali na mlenda. Hakuna aliyesaini posho.

Msije mkasema ninausifu umaskini. Mtoto aliyelala njaa hahitaji zeze, anahitaji ugali, na atakayemwimbia kabla ya kumlisha ni mnafiki. Najua pia kwamba yupo kijana aliyetoka UDOM na shahada, anayeendesha bodaboda hapa Nkuhungu, ambaye akisoma makala haya atasema ni maneno ya walioshiba. Mwanangu, vuta subira. Imani hii kwamba mtu ni ajira yake inakuumiza wewe kuliko inavyomuumiza mstaafu. Yeye imemnyang'anya heshima aliyokuwa nayo. Wewe imekunyima kabla hujaionja. Dai ajira, ni haki yako. Lakini usingoje barua ya kuajiriwa ndipo ujione umeanza kuishi.

Hata sisi wa kalamu na faili tuna wazee wa kuigwa, tena wa uwanda huuhuu. Miaka ya 1940 karani mmoja kutoka Tanga alihamishiwa idara ya mifugo, Mpwapwa. Faili alizozishughulikia zimeliwa na mchwa, na hakuna anayezililia. Karani yule ni Shaaban Robert. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa 1917, alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni na baadaye akahudumu mahakamani. Akiwa katika utumishi huo aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka 1954. Akatoa diwani yake 1963, kisha akabuni ngonjera. *Ngonjera za UKUTA* zilichapwa 1970, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, na hadi leo mgeni rasmi akifika shuleni, watoto wawili husimama mbele yake wakabishana kwa vina. Ni nani anayekumbuka hukumu alizoandika? Wala hawakuacha kazi ili waandike. Walilipwa kwa moja, wakaishi kwa nyingine, na ile ya pili hawakuiweka kiporo hadi kustaafu.

Utaniambia wewe si mshairi. Sikukuambia uwe mshairi. Nakuambia uwe na jambo lisilolipwa, linalokutaka urudi tena wiki ijayo, na ambalo usipofika wapo watu watakaouliza uko wapi. Liwe kwaya, liwe timu ya watoto wa mtaani, liwe kumsomea mzee asiyeona. Kulima bustani peke yako ni kuzuri, ila mchicha hautakuulizia. Na usiniambie huna muda. Saa za serikali huisha saa 9:30 alasiri, na jua la Dodoma huzama karibu saa 12:30. Hizo ni saa tatu za mwanga, kila siku, ambazo tumezigeuza kuwa vikao vya kusengenya uteuzi uliopita na kutabiri ujao.

Mimi nimebakiza miaka minne. Tangu Machi, kila Jumatano, hupanda daladala kwenda Chamwino kwa mzee mmoja anayenifundisha zeze. Vidole vyangu ni vizito, na wajukuu zake hucheka waziwazi. Mdogo kuliko wote hunirekebisha bila kuombwa. Siku ya kwanza mzee aliniuliza kwetu ni wapi, mama yangu ni wa ukoo gani, na kama ninakula mlenda. Wizara hajaiuliza mpaka leo. Ila amekwisha kuniuliza mara tatu kwa nini ninaushika upinde kama kalamu.