Pumu ya mtoto haisubiri kikao cha familia

Baridi ya Juni na Julai inaposhuka kwenye nyanda za juu za Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang, watoto wengi hukohoa. Katikati ya kikohozi hicho cha msimu, mtoto mwenye pumu hupita bila kutambuliwa. Huambiwa ana mafua, hupewa dawa ya dukani, hutulia, kisha kifua kinambana tena.

Dalili zake zina mpangilio. Kikohozi hurudi mara kwa mara, hasa usiku na alfajiri. Kifua hutoa mlio kama filimbi. Mtoto huishiwa pumzi akikimbia, au akikaa karibu na moshi wa kuni. Njia zake za hewa zimevimba na kubana.

Kinachomchelewesha kufika zahanati si umbali peke yake. Mama ndiye anayesikia kifua usiku. Baba ndiye mwenye nauli ya bodaboda, na huenda yuko mnadani au malishoni. Bibi ndiye anayeulizwa huo ni ugonjwa gani. Kila mmoja akimsubiri mwenzake, saa zinapita.

Bibi akisema ni kimeo, mtoto anaweza kupelekwa kukatwa. Desturi hiyo bado ipo katika sehemu mbalimbali za Tanzania, lakini kimeo hakileti pumu. Kukikata kunaweza kusababisha kutoka damu nyingi na maambukizi, na pumu inabaki palepale.

Wapo pia wazazi wanaoikataa dawa ya kuvuta kwa hofu kwamba mtoto atakuwa mtumwa wake. Dawa hizo haziletei uteja. Salbutamol hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache wakati wa shambulio. Beclomethasone au budesonide hupunguza uvimbe polepole, ndiyo maana mtoto aliyeandikiwa huitumia kila siku hata akiwa mzima. Familia ikiiacha kwa sababu mtoto amepata nafuu, mashambulizi hurudi.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa vizuri bila chombo cha kati. Mwaka 1999 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuzunguka dawa, hufanya kazi hiyo vizuri kama chombo cha kiwandani. Mhudumu wa afya anaweza kumwelekeza mzazi namna ya kuitengeneza na kuitumia.

Kuhusu gharama, sera ya Tanzania inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5 malipo katika vituo vya serikali. Dawa ikikosekana kituoni, au mtoto akiwa amevuka umri huo, familia hulipa, isipokuwa ina bima. Fedha hiyo ni vyema itengwe mavuno yanapouzwa.

Mtoto anayeshindwa kumaliza sentensi au kunyonya, ambaye mbavu zinaingia ndani anapopumua, au midomo yake inageuka bluu, anapaswa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo, iwe Katesh, Mbulu mjini au Haydom. Njiani aendelee kupewa dawa ya kuvuta aliyoandikiwa.

Usiku huo si wakati wa kumtafuta baba kwa simu isiyopatikana. Baba, mama na bibi wakubaliane mapema: nauli inakaa wapi, dereva gani wa bodaboda anaitwa, na kwamba mtu mzima yeyote aliye nyumbani anaweza kuondoka na mtoto bila kuomba ruhusa. Mazungumzo hayo yafanyike mchana, mtoto akiwa uwanjani anacheza.